Mwanya wa Penseli

3 Februari

Kwa kaka yangu Nyundo,

"Gari la plastiki ni beseni lililotiwa magurudumu. Likigongwa, mwenye gari atazoa vipande kwa ufagio."

Maneno hayo ni yako, Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi wa Bodi. Yametoka gazetini Jumapili, na juu yake picha yako umekunja mikono kifuani kama mtu aliyetoka kushinda kesi. Nimeyasoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikatafuta kalamu.

Tuanze na beseni. Beseni la mama, lile la bluu, limeanguka toka juu ya kabati, limekanyagwa, limekaliwa na wewe mwenyewe na uzito wako wote siku ulipokuwa unafunga taa ya jikoni, na mpaka leo linafuliwa nguo. Sufuria za bati za umri wake zimeshabonyea, zikatoboka, zikatupwa. Ukitaka kutukana gari langu, tafuta tusi ambalo si sifa.

Twende kwenye ufagio. Gari letu lina fremu ya chuma, tena chuma kweli, na watu wanakaa ndani ya fremu hiyo. Milango, madigadi na boneti ni nguo iliyovalishwa juu ya mifupa. Nani aliwahi kuvunjika mbavu kwa sababu shati lake lilikuwa jepesi? Halafu nikuulize jambo dogo: bampa unazozichomelea hapo gereji kwako, za mbele na za nyuma, ni za nini? Ni za plastiki, kaka, na hujawahi kuzizoa kwa ufagio. Unakula kwa plastiki ya mbele, unakula kwa ya nyuma, unakuja kutukana ya katikati.

Sasa sikiliza kwa nini sirudi nyuma. Gari hili linatembea kwa betri, na betri ni nzito kama dhambi. Ni gari dogo la watu wa kazi ndogo: muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani, fundi cherehani mwenye majora yake, muuza maziwa. Tulipolivalisha bati na kulipakia mzigo wake, lilifika katikati ya kilima cha nyuma ya kiwanda likasimama. Tukalisukuma, Mkurugenzi naye kalegeza tai anasukuma. Tulipolivua bati tukalivalisha plastiki, lilipanda lenyewe. Hoja yangu nzima ni hiyo. Mlango mzito unamkatia muuguzi safari, na asiyefikiwa ni mgonjwa.

Kamati ya kiwanda inakaa mwisho wa Machi kuchagua: bati au plastiki. Mkurugenzi alikuwa ameshashika kalamu asaini plastiki. Kisha akakusoma wewe. Amekata maneno yako, ameyaweka chini ya kioo cha meza yake, na kila nikiingia ananionyesha kwa kidole: "Mbunifu wetu, kaka yako wa tumbo moja hakuamini." Wakichagua bati, gari langu limekufa. Hakuna gari jingine. Nimezeeka nalo.

Kwa hiyo nakutumia kifurushi. Ndani kuna digadi moja la mbele, la kulia. Ligonge unavyotaka, kisha uandike gazetini ulichokiona.

Na jambo la mwisho. Wanaofunga bodi hapa kwangu ni wanafunzi wako, Kipara na Mrefu. Niliwachagua kwa sababu mikono yao imefundishwa na mikono yako. Sifa nyingine toka kwangu usiitarajie mwaka huu.

Mdogo wako,
Kiberiti
(jina ulinipa wewe, usilalamike likiwaka)


12 Februari

Kwa mdogo wangu wa damu na adui yangu wa kazi,

Barua yako imefika ikiwa bado ya moto. Mama ameisoma kwa sauti mezani, na kila alipofika pabaya alirudia. Amefurahi sana kuhusu beseni. Amesema, "Mtoto huyu ana kumbukumbu." Mimi nimeendelea na chai yangu.

Kifurushi kimefika pia. Sijakifungua. Kiko nyuma ya mlango wa stoo na kitakaa huko. Mtu mwenye gereji iliyojaa magari ya watu hana wakati wa kucheza na mfuniko wa ndoo.

Wewe unaandika juu ya uzito, mimi nazungumza juu ya watu. Bati likibonyea, linakuja kwangu. Naligonga kwa nyuma, nalibembeleza kwa mbele, najaza mashimo kwa puti, napiga rangi, na mwenye gari anapitisha mkono hajui paliumia wapi. Hiyo ndiyo kazi yetu. Sisi tunaponya, hatutupi. Gari lako likipasuka shavu, nani ataitwa? Mtasema, "Toa, tupa, nunua jingine kiwandani." Ndivyo wanavyosema wote. Ninao wanachama ambao hawajui kazi nyingine yoyote duniani ila kumrudishia mtu gari lake likiwa na sura yake. Hao wewe umewachorea wapi kwenye mchoro wako? Nimetazama mwanzo mpaka mwisho wa barua. Umemchora muuguzi. Umemchora hata muuza maziwa.

Ukinijibu hilo, nitafungua kifurushi.

Kuhusu Kipara na Mrefu, umechagua vizuri, na hiyo ndiyo sehemu ya barua iliyonifanya nikusamehe mengine. Nimempigia Kipara simu nikamwambia asiniaibishe huko kwa wasomi. Nimemkumbusha kanuni ile ile niliyowafundishia kazi: fundi wa bodi hujulikana kwa mwanya. Kati ya mlango na nguzo, wembe upite, ukucha ukwame. Kazi ikitoka mikononi mwao hata ikiwa ya plastiki, watu waseme: huyu alifundishwa na Nyundo.

Mama anauliza lini unakuja. Nimemwambia ukishindwa utakuja kupumzika.

Kaka yako,
Nyundo


4 Machi

Kaka,

Leo salamu hakuna.

Jana Mkurugenzi alitaka kuliona gari kabla ya Kamati. Tukalitoa uwanjani asubuhi, linang'aa, mwanya mwembamba kama mstari wa wino. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa ofisini kwenye simu, nikalitazama kwa mbali dirishani, nikasema moyoni: zuri. Zuri mno. Ningejua.

Saa sita Mkurugenzi akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kusifia viti. Jua lilikuwa wima. Alipotaka kutoka, mlango ukagoma. Akasukuma kwa bega. Ukagoma. Akahamia upande wa pili, nao ukagoma. Madigadi yalikuwa yamevimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto, yameukaba mlango kama koo. Mkurugenzi wa kiwanda chetu, mtu mwenye tai, alitolewa dirishani, makalio kwanza, mbele ya wafanyakazi wote. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Plastiki ikipata joto hutanuka, na hutanuka kuliko chuma mara nyingi. Hilo linajulikana, na mimi ninalijua kuliko jina langu. Ndiyo maana mchoro wangu unataka mwanya wa upana wa penseli kila mahali, na matundu ya skrubu yawe marefu kama tundu la kitufe, ili plastiki iteleze ikitanuka na irudi ikipoa. Niliwaeleza Kipara na Mrefu kwa mdomo, kwa mchoro, na kwa kipande nilichokichemsha kwenye maji mbele yao. Waliitikia kwa vichwa. Jana nilipopima, penseli haikupita popote. Walikaza skrubu zote mpaka mwisho. Waliziba kila mwanya niliouacha.

Nikamuuliza Kipara kwa nini. Anatazama viatu vyake. "Nilisikia, bosi. Mkono ulikataa." Mkono ulikataa! Hayo ni majibu ya mtu mzima?

Nikarudi mezani nikaisoma tena barua yako. "Nimempigia Kipara simu." Sasa nimeelewa ulipiga simu ya nini. Hukuweza kunishinda gazetini, ukaniingilia kwa mlango wa nyuma, kwa mikono ya watu niliowaamini kwa ajili yako. Umehujumu kazi yangu, Nyundo. Mwenyekiti wa wanaoponya!

Mkurugenzi ameniachia nafasi moja tu, siku ile ile ya Kamati. Mkuu wa Manunuzi, ambaye toka mwanzo anataka bati, tayari anatembea na oda ya bati mfukoni. Kipara na mwenzake nawafukuza Jumatatu.

Kiberiti


9 Machi

Kiberiti,

Nimekulea. Nimekubeba mgongoni ukiwa na surua, ukanitapikia shingoni. Nimekufundisha kushika bisibisi kabla hujajua kushika kijiko. Na leo unaniita mhujumu.

Hebu tulia unisikilize, maana hili nitalisema mara moja. Ningetaka kuua gari lako, ningelipiga mchana, mbele ya watu, na jina langu chini. Sijawahi kumpiga mtu kwa nyuma. Kwa nyuma napiga bati tu.

Kipara hakukudanganya. Mkono ulikataa. Wewe unajua joto la plastiki, lakini huyu mtu humjui. Alipokuja kwangu alikuwa na nywele. Kila mlango aliofunga nilipitisha ukucha wangu. Ukiingia, anafungua, anaanza upya. Wenye magari nao wanafanya hivyo hivyo, wanapitisha ukucha, na ukiingia wanaondoka bila kuaga. Kwetu sisi mwanya ni aibu, kama kutoka nyumbani zipu imeachia. Sasa unamwambia mtu wa namna hiyo aache mwanya wa penseli, halafu ulitoe gari uwanjani watu walitazame. Kichwa kilikubali. Mkono ukaona aibu ukaufunika. Wala hakujua anakuharibia. Alidhani anakusitiri.

Ukimfukuza Kipara kwa kosa hilo, nifukuze na mimi, maana ukucha ule ni wangu.

Na swali langu bado hujalijibu.

Nyundo


10 Machi

Binti yangu,

Ni mimi mama yenu, naandika mwenyewe, miwani imepatikana ndani ya friji. Usiniulize.

Kaka yako amekuandikia jana, nimeona uso wake alipotoka posta. Yeye hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi, na wewe hujaambiwa na mtu.

Kile kifurushi alikifungua siku ile ile, hata viatu hajavua. Akakitoa nje akakipiga nyundo. Nyundo ikamrudia nusura imtoe jino. Akakitazama. Akapiga tena. Toka siku hiyo kila asubuhi kabla ya chai ni pa! pa! pa! nyuma ya nyumba, majirani wanadhani anajenga. Kitu chenyewe hakina hata alama.

Kisha akakifunga kwenye lile gari bovu la uani, akipima mwanya kwa ukucha wake ule. Mchana kikavimba. Akavuta kigoda akakaa mbele yake kama mtu anayetazama mpira, hataki kula, hataki kuongea. Siku ya pili akatanua matundu kwa tupa, akakilegeza, akaacha nafasi. Jua likapiga, kikatulia. Nilimsikia akisema peke yake, "Kumbe kinapumua."

Sasa alishasema gazetini. Unamjua. Akishasema mbele ya watu ni kama amekula kiapo. Anasubiri umwite, lakini umwite vizuri, si kwa kelele zako zile.

Na beseni langu sasa basi, liacheni lipumzike.

Mama


14 Machi

Kwa kaka yangu,

Kwanza: mimi sijaambiwa kitu chochote na mtu yeyote.

Pili: Kipara na Mrefu hawajafukuzwa.

Tatu: neno "mhujumu" nalifuta. Hilo moja tu. Yale ya bampa yanabaki palepale.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nikae chini. Umesema kweli, nilichora muuguzi na muuza maziwa, sikumchora fundi. Nilijiambia kwamba kitu kisichobonyea hakihitaji fundi. Uongo. Kitakwaruzwa, kitachanika kwenye ukingo, kitabanwa na lori. Na plastiki hii hupona: huchomelewa kwa joto kama unavyochomelea bampa, inapigwa msasa, inapakwa rangi. Lakini wakubwa hapa wanataka ikichanika itupwe na inunuliwe nyingine kwao. Nimewapinga peke yangu. Ni kama kuusimulia ukuta hadithi.

Tano. Vijana wako nimewaeleza tena kwa namba, kwa mchoro na kwa sauti. Wanaitikia vizuri sana. Nikigeuka, wanakaza. Juzi nilimkuta Mrefu amesimama mbele ya mwanya wa penseli anauangalia kama mtu anayetazama kidonda cha ndugu yake. Akachukua bisibisi "arekebishe kidogo tu". Siwezi kusimama nyuma yao mpaka siku ya Kamati. Kwa ukucha wako uliwafunga wewe. Njoo uwafungue wewe.

Nakuita kama ninavyomwita fundi.

Kiberiti


17 Machi

Nakuja Alhamisi. Usinipokee kwa hotuba.

Nyundo


29 Machi

Kwa mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Kiberiti, kwenye meza yake, naye hajali, amelala kwenye kochi la wageni na viatu miguuni kama mlevi. Jana ilikuwa siku ya Kamati. Nitakueleza yote kwa mpangilio, maana yeye akikusimulia atajipendelea.

Siku niliyofika Kipara alijificha nyuma ya gari. Nikamwambia, "Toka, kichwa chako kinang'aa." Nikawaita wote wawili. Nikachukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio la Kiberiti, nikaipitisha kwenye mwanya wa mlango, toka juu mpaka chini, taratibu, wanatazama. Nikasema, "Ukucha ni wa bati. Hii plastiki inapimwa kwa penseli. Kuanzia leo atakayeziba mwanya huu hakumkosea dada yangu, kanikosea mimi."

Kipara akaniuliza, "Mwalimu, watu wakicheka?"

"Waambie Nyundo ndiye aliyesema. Wakitaka kucheka waje wacheke mbele yangu."

Mama, Mrefu alilegeza ile skrubu ya kwanza amefumba macho. Ya pili alifumba jicho moja. Tulipofika mlango wa nyuma alikuwa anapiga mluzi.

Basi, jana. Gari lilitolewa asubuhi likaachwa juani makusudi. Kamati wamekaa chini ya turubai. Mkurugenzi akaitwa aingie. Akaingia, akafunga mlango, lakini dirisha akaacha wazi kabisa na mguu mmoja ameshauandaa. Tukasubiri jua liwe wima. Kisha Kiberiti akamwambia, "Toka, mheshimiwa." Akashika kitasa kama mtu anayeshika nyoka. Mlango ukafunguka tik! kama sanduku la mapambo. Akashuka, akageuka, akafunga, akafungua, akafunga, akafungua, mpaka tukamwomba aache.

Kilima sasa. Wakapakia mifuko ya saruji. Mkuu wa Manunuzi, yule wa bati, akasema mzigo bado ni mwepesi. Kiberiti akamwambia, "Basi panda na wewe." Mama, yule bwana ana mwili. Akapanda. Gari likapanda naye kilima chote bila mtu kusukuma, yeye juu ya saruji, ameshika kofia, na wafanyakazi wote wanakimbia pembeni wanashangilia kama harusi. Aliposhuka alikuwa mweupe kwa vumbi kama mkate.

Lakini hakukubali. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti. Maneno yangu, Mama. Akayasoma kwa sauti ya redio: "Gari la plastiki ni beseni lililotiwa magurudumu." Akanigeukia. "Mwenyekiti, haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Bado unasimama nayo?"

Kiberiti aliniangalia. Nimemwona mtoto yule katika hali zote, ila sikuwahi kumwona anaogopa. Nikasema, "Tusibishane. Leteni nyundo yangu tuliulize gari lenyewe."

Kipara akaileta, ile ya mpini mwekundu. Nikaiinua juu ya mlango. Nikaishikilia hapo hapo hewani, nikamgeukia Mkurugenzi. Nikasema, "Kwanza tuelewane. Nikipiga likapasuka, mmeshinda ninyi wa bati, na mimi nitaandika gazetini kuwa nilisema kweli. Nikipiga lisipasuke, basi gari hili likiumia barabarani halitupwi. Litakuja kwa mafundi wa bodi wa mitaani, na kiwanda hiki kitawafundisha kuliponya, na kitawauzia vipande kwa bei ile ile kinayojiuzia chenyewe. Sema mbele ya hawa wote."

Mkurugenzi akacheka. Nadhani alikuwa amekwisha kuyaamini yale maneno ya chini ya kioo chake. Akasema, "Nyundo hiyo na mkono huo? Nakubali. Shahidi ni hawa wote. Piga."

Nikapiga, Mama. Nikapiga kwa roho yote. Mlango ukabonyea ndani, ukarudi nje, nyundo ikaruka juu ya bega langu ikaangukia kwenye turubai la Kamati. Nikaenda kuipitisha mikono pale nilipopiga. Hakuna kitu. Nikawaita waje wapitishe mikono yao. Mkuu wa Manunuzi akapitisha wa kwanza, kisha akakunja lile gazeti akaliweka mfukoni taratibu, kama mtu anayekunja leso baada ya kulia.

Hawakwenda hata chumbani kujadili. Walipiga kura pale pale juani, mikono juu. Plastiki. Na mafundi wetu ndani ya neno hilo hilo. Mkurugenzi alijaribu kukohoa kidogo, wafanyakazi wakamkumbusha ahadi yake kwa sauti moja.

Kiberiti hakusema kitu. Mama, umewahi kuliona hilo tangu azaliwe? Alisimama na ile penseli mkononi, anatazama gari. Nikamshika bega. Baadaye sana ndipo akaniuliza, "Na lile digadi langu ulilifanyia nini?"

Nikamwambia, "Liko kwenye kifurushi, nyuma ya mlango wa stoo. Sijaligusa."

Akasema, "Sawa. Mama anakusalimu."

Kwa hiyo najua, na wewe ujue kwamba najua. Uwanjani pale, watu wote walidhani nimecheza kamari na gari la mdogo wangu. Wewe peke yako unajua nilikuwa nimefanya mazoezi kila asubuhi kabla ya chai.

Nitarudi Jumanne. Usilitoe lile digadi kwenye gari bovu. Nimelizoea.

Mwanao,
Nyundo


6 Aprili

Kwa wanachama wote wa Chama cha Mafundi wa Bodi,
kupitia gazeti lile lile lililochapisha tusi la beseni

"Nyundo amenunuliwa na dada yake." Ndivyo mnavyosema kwenye magereji, nimeambiwa, na mnalisema hata mbele ya wateja. Mnasema alipiga kwa upole, mlango ulikuwa umetiwa chuma kwa ndani, na fundi anayekubali mwanya wa penseli ameuza ukucha wake.

Nawajibu hoja moja moja. Alipiga kwa upole? Mlango uleule uko getini kwetu, umetundikwa kwa kamba, na nyundo iko chini yake. Wafanyakazi wanaupiga wakiingia na wakitoka. Njooni mpige. Una chuma ndani? Ugeuzeni mtazame nyuma. Amenunuliwa? Kaka yangu hakuwahi kuninunulia hata soda bila kunisimanga mwaka mzima, na mimi ndiye nimnunue? Mnayemsema ndiye mtu pekee aliyesimama mbele ya wakubwa akiwa na nyundo hewani na, kabla hajapiga, akawakumbuka ninyi. Mimi nilikuwa na mchoro mzuri na hamkuwemo. Sasa mmo.

Na mnaosema mwanya ni aibu, nawaheshimu kuliko mnavyodhani. Aibu hiyo ndiyo iliyowafanya kuwa mafundi. Lakini aibu ni ya kazi mbaya, na huu mwanya sasa ni kazi nzuri. Kipara mnamjua. Jana alimfungia muuguzi mmoja gari la kwanza, akapitisha penseli pande zote, na yule dada alipouliza mbona pameachwa nafasi, Kipara akajibu bila kutazama viatu vyake: "Hapo, dada, ndipo gari linapopumua." Akampa funguo. Akaenda zake, na mgonjwa wa kilimani akafikiwa.

Magari yanatoka. Yatakwaruzwa, yatachanika, yatabanwa na malori yale yale mnayoyajua. Mtu lazima awe tayari kuyarudishia sura. Mkibaki gereji mkinung'unika, wakubwa watasema, "Tuliwaita, hawakuja," na watarudi kwenye toa-tupa-nunua, na safari hiyo hakutakuwa na nyundo hewani ya kuwazuia. Ahadi isiyodaiwa huoza kama bati.

Kwa hiyo nawadai ninyi, wenye gereji za barabarani na wa vichochoroni, wazee wa puti na wapiga rangi, wote mliofundishwa kwamba wembe upite ukucha ukwame: Jumatatu asubuhi geti letu liko wazi na meza za kuchomelea zimewekwa. Msitume mtu. Njooni wenyewe, mjaze nafasi mliyopiganiwa.

Kiberiti,
mbunifu wa gari

Nimesoma, nakubali, na nitakuwa getini. Kila mmoja aje na penseli. Na mkate kucha.

Nyundo,
Mwenyekiti